Treni Haina Utingo

Kwetu Unguja gari ya Jambiani, namba 309, haina saa ya kuondoka, ina nia ya kuondoka. Dereva keshawasha moto, utingo kaning'inia mlangoni anapiga bati, na bado kuna bibi wa Kikadini anamalizia chai yake ndani, mjukuu katumwa aje aseme "mngojeni." Basi atangojewa. Juu ya keria kuna magunia ya mwani, kreti za soda tupu na baiskeli ya mtu ambaye mwenyewe hayumo garini. Mnakaa mbavu kwa mbavu kwenye mabao mawili yanayotazamana, na hamjafika Jozani mmeshajua nani kaposa wapi na mahari imekwama kwa sababu gani.

Shangazi yangu ni mtu wa gari hiyo. Mwanawe wa Dodoma alipopata mtoto na kupiga simu kwamba mama aje kwa treni ya umeme, nilijua kazi ya kumsindikiza ni yangu, na nilijua treni haitakuwa na shida yoyote. Shida tungekwenda nayo sisi.

Ilianza kwenye nauli. Nikakata tiketi kwa simu, daraja la kawaida, 31,000 kila mmoja.

"Ulipatana?"

"Shangazi, ni simu. Hakuna mtu."

"Ndiyo nakuuliza, hukuwaambia tuko wawili?"

Likaja suala la umeme. Akataka kujua treni inatumia umeme gani. Nikamwambia wa Bara. "Huu huu unaotufikia sisi kwa waya wa baharini?" Na hapo alikuwa na haki yake. Disemba 2009 waya ule uliharibika, Unguja nzima ikakaa gizani kama miezi mitatu, na mpaka leo shangazi hatoki nyumbani bila kibiriti. Kumalizia kabisa, kijana mmoja wa jirani akamkumbusha kwamba mwaka 2024, treni ilipokwama njiani kwa hitilafu ya umeme, shirika la reli lenyewe lilitoa taarifa iliyowataja ngedere na bundi.

"Ngedere!" akasema shangazi, na uso ukamkunjuka. Haya ni mambo anayoyafahamu. Pale Jozani barabara imetiwa matuta kwa ajili ya kima punju, na dereva asiyempunguzia mwendo hata mkwewe humpunguzia kima. "Basi nao watie matuta kwenye reli."

Stesheni ya Dar es Salaam ni jumba la vioo lenye ngazi za umeme na sakafu inayong'aa hadi mtu unaona haya kukanyaga na kandambili. Kijana wa ukaguzi akalipitisha pakacha la shangazi kwenye mashine, akausimamisha mkanda, akaurudisha nyuma, akamwita mwenzake. Kwenye kioo palikuwa na kitu chenye mikono minane, kimelikumbatia kopo la achari ya embe.

"Mama, hiki nini?"

"Pweza."

"Yuko hai?"

"Angekuwa hai ningemkatia tiketi."

Wakacheka, wakatupisha. Ila pweza mkavu kwenye upepo wa pwani ni kitu kimoja, na pweza mkavu ndani ya behewa lililofungwa vioo, lenye kipoza hewa kinachozungusha harufu ileile mbele na nyuma, ni kitu kingine. Kabla ya Pugu bwana mmoja mwenye suti alikuwa ameshatoa leso. Shangazi akamwonea huruma, akafungua mkoba, akampa kichupa cha mafuta ya karafuu. "Jipake puani, mwanangu. Hawa watu wa treni sijui wamebeba nini."

Viti vyetu vilitazama nyuma. Mtu aliyezoea kwenda Mjini kiubavu angeweza kustahimili, lakini kwenda Dodoma kinyumenyume alikuona ni dharau. Kwenye skrini mwendo ukapanda hadi 160. Shangazi akavuta uradi, na nadhani ndiyo sababu tulifika salama.

Yeye treni ya zamani aliwahi kuipanda, ile iliyotoka Dar jioni ikaamkia Dodoma asubuhi, kwenye reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1905. Mwaka huohuo na sisi Unguja tulikuwa na treni yetu, kutoka Mjini hadi Bububu, kilomita kama 11. Haikufika hata 1930. Anachokikumbuka shangazi kuhusu ile ya Bara si mwendo, ni madirisha. Kila kituo mikono ilikuwa inaingia na mayai, miwa, kuku wa kuchoma, na chenji ilirudi treni imeshaanza kutambaa. Sasa akagonga kioo kwa kidole: hakifunguki. Nje vijiji vinapita kabla hujasoma kibao.

Mimi, kusema kweli, naipenda treni hii. Inaondoka saa iliyoandikwa, choo chake ni safi, na hakuna mtu anayenikalia pajani. Lakini ni kimya mno. Kila mtu na simu yake. Shangazi aliuvumilia ukimya huo mpaka Ngerengere. Tulipofika Morogoro behewa lilishajua uzito wa mjukuu na jina lililokataliwa.

Morogoro kuna mwenzake wa zamani wa biashara ya mwani. Shangazi akasimama, akapiga bati ya treni, ambayo si bati. "Mwambie utingo atungoje kidogo, nimsalimie tu."

"Shangazi, treni haina utingo."

"Sasa anayejua kwamba sijarudi ni nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Milango ikajifunga yenyewe. Kwenye mahandaki ya Kilosa giza lilipotanda madirishani, akachomoa kibiriti, nikakiwahi.

Dodoma tulifika kwa dakika iliyoandikwa. Nje akatujia kijana wa bajaji, mchangamfu, akataja bei ya kuwakomoa wageni. Nikatia mkono mfukoni nilipe tuondoke. Shangazi akanishika mkono, akalitua pakacha chini, akavuta mtandio vizuri, akamtazama yule kijana kwa furaha ambayo sikuiona tangu Dar es Salaam.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Anza tena."