Ukaguzi wa Mgongo kwa Mkaaji wa Lubumbashi: Ukuta, Mkeka na Mfuko wa Unga

Ukitaka kujua hali ya mgongo wako, usianze na picha. Mbele ya mpiga picha kila mtu wa Lubumbashi amenyooka: tumbo ndani, kifua mbele, kidevu juu, pumzi imezuiwa. Kamera ikishushwa, mabega hurudi yalikozoea. Mkao huo wa picha haukuambii lolote kuhusu mwili unaofanya kazi kutwa. Tafuta ukuta, mkeka na mtu mmoja mkweli wa nyumbani. Huyo mkweli ndiye adimu kuliko vyote. Mara nyingi ni mtoto wa miaka minane.

1. Ukuta. Upe ukuta mgongo, visigino vikiwa mbele yake kwa upana wa vidole vinne. Makalio na mabega yaguse. Je, kisogo kinagusa bila kuinua kidevu? Sasa pitisha mkono nyuma ya kiuno. Kiganja kikipita kwa kubanwa kidogo, vizuri. Ngumi nzima ikipita, kiuno kimepinda kupita kawaida. Lakini usijikaze kuiziba nafasi hiyo, maana uti wa mgongo si bomba la moshi la kiwanda cha Gécamines. Una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na mipindo yake ndiyo inayopunguza mshtuko unapotembea. Ukirudia kipimo, kirudie saa ileile. Diski zilizo kati ya pingili hupoteza maji mchana, na jioni mtu mzima huwa mfupi kwa kama sentimita moja kuliko alfajiri. Suruali ikiburuta jioni, fundi cherehani hana kosa.

2. Mkeka. Keti chini, kisha inuka, bila haraka na bila kushika kitu. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil aliufanya mwendo huu kuwa kipimo cha alama 10: tano za kuketi, tano za kuinuka. Kila mkono au goti unaloegemea linakunyima alama moja, na kuyumba kunakunyima nusu. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 2,002 wenye miaka 51 hadi 80: waliopata alama chache walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Ukiwa na umri mkubwa au magoti mabovu, mtu akae karibu nawe. Baba anayehitaji kiti, meza na wajukuu wawili ili ainuke asicheke tu. Aanze kufanya mazoezi.

3. Kifundo cha mguu. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti ligonge ukuta bila kisigino kuinuka. Pima pande zote mbili. Kifundo kisichokunjika hukunyima kuchutama vizuri, na anayeshindwa kuchutama huinama kwa kiuno kila anapopuliza makala kwenye mbabula.

4. Mabega. Mkono mmoja upite juu ya bega, mwingine upande kutoka kiunoni, vidole vitafutane mgongoni. Vikikosana kidogo, si kitu. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake kwa mbali, au ukiuma, hilo ndilo la kufuatilia. Usimwombe mtu akuvute mikono.

5. Mtoto wa shule. Kati ya miaka 10 na 15, mwambie ainame mbele, miguu sawa, mikono ikining'inia. Simama nyuma yake utazame mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiwa juu kuliko za upande wa pili, mpeleke kwa daktari, kwani uti unaweza kuwa unajipinda ubavuni. Kipimo hiki kina jina la William Adams, daktari mpasuaji wa Uingereza wa karne ya 19, na hakigharimu hata faranga moja.

6. Mfuko wa unga. Hapa usijipime, tumia hesabu. Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliweka kikomo cha kilo 23 kwa anayeinua kwa mikono, tena hali ikiwa nzuri kabisa: mzigo karibu na mwili, mwili haujapinda, njia haina utelezi. Mfuko wetu wa unga wa bukari una kilo 25. Bidoni la maji la lita 20 linafikia kilo 20 kabla hujalihesabu lenyewe. Basi mfuko ubebwe na wawili, na maji yagawanywe kwenye madumu mawili. Kijana anayejisifu kwa kuinua peke yake asipigiwe makofi.

Umeshamaliza? Usitoke hapo ukaanza kutembea umekakamaa. Utafiti haujapata mkao mmoja unaomkinga kila mtu na maumivu. Mgongo mzuri ni ule unaoinama, unaogeuka na kuinuka tena, na usioachwa katika hali moja saa nzima. Kwa hiyo hukumu yangu iko kwenye vyombo kuliko kwenye mabega ya watu. Ufagio mfupi unampinda mama kila asubuhi, na salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, inampinda zaidi. Mbabula iliyowekwa chini inampinda tena anaposonga bukari. Halafu jioni tunamwambia akae wima!

Kuna dalili ambazo ukuta na mkeka haviziwezi. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, miguu kulegea: nenda hospitali siku hiyohiyo. Kibyongo kinachochomoza kwa mtoto, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, kinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Percivall Pott aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779. Si uchawi wa shangazi. Unatibika, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Nawe uliyesoma hadi hapa, kabla ya salongo ijayo funga mpini mrefu kwenye ufagio, pandisha mbabula juu ya matofali yaliyo imara, kisha shika upande wa pili wa mfuko.