Muulize Mjomba Boneti: Ananichemkia Tukisimama

Shikamoo Mjomba. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1974, urithi wa marehemu baba. Tukiwa njiani kwenda Chalinze ametulia kabisa, mshale wa joto hausogei. Tukiingia foleni ya Ubungo, dakika kumi tu anapandwa na hasira, maji yanamwagika. Nimemnunulia rejeta mpya ya mistari minne kwa pesa ya ada ya mtoto. Bado. Na hii ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975! Nimemkosea nini? — Mwenye Moyo Mzito, Kimara

Marahaba mwanangu. Anaumwa kichwa, umemnunulia viatu. Gari likichemsha, kabla hujatoa hata shilingi, jiulize: linachemsha likisimama au likikimbia? Likikimbia, kuanzia kilomita 60 kwa saa hivi, upepo wa barabarani unapita wenyewe kwenye rejeta na feni haina kazi ya maana. Likisimama, upepo wote unadaiwa kwa feni. Lako linakimbia vizuri, kwa hiyo rejeta ya baba ilikuwa nzima. Umemtoa mzima, mgonjwa ukamwacha ndani. Tena hiyo mpya yaweza kuwa imeongeza shida, kwa sababu rejeta ikiwa nene, feni dhaifu inashindwa kuvuta hewa kuipitisha.

Wafaransa waliipa 504 feni yenye maringo. Mkanda unazungusha puli wakati wote, lakini feni yenyewe inashikana na puli kwa sumaku ya umeme, pale tu swichi ya joto inapoiamuru. Brashi ya kaboni inayopitisha umeme huo ikiisha au waya ukikatika, feni inazunguka kivivu kwa kuburutwa, nawe ukifungua boneti unaiona inazunguka, unaridhika. Liache gari linaunguruma papo hapo, usimame karibu, mikono mbali. Mshale ukipanda, usikie "tak!" kisha mvumo wa upepo. Usiposikia, anza na brashi, kisha waya, kisha swichi.

Angalia pia kama kava la feni bado lipo. Mafundi hulitoa wapate pa kupitisha mkono, halafu linaishia kuwa bakuli la kuku uani. Bila kava, feni inarudia kuvuta hewa ya moto iliyo pembeni yake, kama mtu anayejipepea ndani ya blanketi.

Kuhusu Safari: ni kweli, Ove Andersson alishinda na 504. Hakupita Ubungo saa kumi na moja jioni.

Mjomba, heshima yako. Land Rover yangu ni ya 1965. Nimetoa feni ya mkanda, nikafunga ya umeme ya gari la kisasa. Sasa linachemsha kuliko zamani, hata likikimbia, na nikiendesha usiku betri inakufa. Fundi anasema ni uzee. — Nimechoka, Arusha

Uzee wa nani? Chukua kipande cha gazeti, washa feni, kiweke mbele ya rejeta. Kikinata, feni inavuta. Kikiruka kukupiga usoni, inapuliza kinyume, na ukiwa barabarani inasukumana na upepo kama watu wawili kwenye mlango mmoja wa daladala. Land Rover nyingi za miaka hiyo zina chanya ya betri kwenye bodi. Fundi wako amefuata rangi, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi? Hongera kwake. Amefuata mazoea, nyeusi kwenye bodi? Basi mota inazunguka kinyumenyume.

Kuhusu betri, tupige hesabu. Dainamo ya Lucas C40, iliyo kwenye magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo, inatoa ampea 22 ikijitahidi, na injini ikiwa inaunguruma polepole haifiki hata robo yake. Feni ikila 15, taa kubwa 8 au 9, mfumo wa kuwashia 3 au 4, umeshapita. Ama ufunge alteneta, ama urudishe feni ya mkanda ambayo haikuwa imekukosea. Ukibaki na ya umeme, weka rilei na fyuzi yake. Usiipitishe kwenye swichi ya dashibodi, utanusa moshi.

Mjomba, mimi nachemsha kupanda mlima wa Kitonga tu. Mjini sina shida. Nimeambiwa nitoe themostati. — Datsun, Iringa

Usitoe. Injini isiyo na themostati haipati joto lake asubuhi, inakunywa petroli na kujila yenyewe. Likichemsha kwenye mlima au mwendo mkali, hapo ndipo rejeta inaposhukiwa. Zima injini ikiwa imepata joto, kisha papasa uso wa rejeta polepole. Palipo baridi katikati ya pa moto, mirija imeziba. Uliza aliyekuuzia kama aliwahi kuziba tundu kwa yai au bizari. Atakataa. Muulize mkewe.

Ukinunua nyingine, ya shaba nyeupe na nyekundu inachomelewa risasi na fundi yeyote hata Mikumi. Ya alumini ni nyepesi na inapoza vizuri, lakini siku ikipasuka porini utaifanyia sala. Badilisha na mfuniko. Iringa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mfuniko mzima wa psi 7 huongeza kama nyuzi 12 au 13. Springi ikilegea, umezipoteza zote. Ila usipachike wa psi 15 kwenye rejeta ya babu. Kitakachofunguka si mfuniko.

Nataka rejeta bora kwa Volkswagen Beetle yangu ya 1967. — Mgeni wa Magari, Moshi

Haina. Inapozwa kwa hewa. Linda mkanda wa nyuma, maana unazungusha feni pamoja na dainamo. Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo, usisubiri kufika nyumbani. Na kama yupo aliyekwisha kukuuzia "kulanti ya Beetle", nitumie jina lake.

Mjomba, mume wangu amesafiri. Hilo Land Rover lake linakaa uani likinuka, jana nimesikia amelibadilisha feni kwa pesa ya mabati. Nataka kuliuza kabla hajarudi. — Mama wa Arusha

Mama, usitangaze popote. Nakuja mwenyewe kesho na kipande changu cha gazeti.