Niacheni na baiskeli yangu ya mtumba

Tangu ninunue baiskeli ya mtumba kutoka Japani, mtaa mzima umegeuka kamati ya ufundi. Ni ile yenye kikapu mbele, kufuli la kubana gurudumu la nyuma, na dinamo inayonguruma zaidi ya inavyowaka. Nilitegemea kuchekwa kitambi. Badala yake napewa ushauri, na ushauri wenyewe wote una bei.

Jirani yangu, ambaye chombo pekee alichowahi kukanyaga ni cherehani, anataka nifunge gia 21. Za kupandia mlima gani? Kutoka Temeke hadi Kariakoo mwinuko unaonitoa jasho ni matuta ya barabarani. Tungekuwa Lushoto ningemsikiliza. Kijana wa genge anataka shokapu za mbele. Shemeji naye kaja na hoja ya alumini: “Vyuma hivi vizito, shem, ukibadili utapunguza kilo mbili.” Kilo mbili za kupunguza ninazo, tena nyingi, ziko hapa juu ya mkanda, na kuzitoa hakuhitaji kwenda dukani.

Najua, kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini mtumba una tabia yake: kitu kipya hakielewani na cha zamani. Funga cheni mpya kwenye meno yaliyolika uone itakavyoruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Basi utanunua na meno. Ukitaka ya gia nyingi, yatadai cheni nyembamba, waya, na pengine gurudumu zima la nyuma. Mwisho wa safari, kilichobaki cha baiskeli uliyonunua ni kengele.

Tairi nalo lina vituko. La baiskeli ya kikapu limeandikwa 26 x 1 3/8, la baiskeli ya milimani 26 x 1.95. Yote 26, ila rimu moja inaizidi nyingine kwa milimita 31 za kipenyo. Muuzaji hataki kusikia hayo. “Litaingia tu, bosi,” huku ameshashika bisibisi. Haliingii! Soma ubavuni mwa tairi: la kikapu kwa kawaida huandikwa 590, la milimani 559.

Ajabu ni kwamba fundi wangu wa chini ya mwembe, ambaye angekula vizuri nikibadili kila kitu, ndiye pekee asiyenituma dukani. Alichukua rula ya mwanawe, akailaza juu ya cheni. Inchi 12 za cheni isiyochakaa zinatakiwa zianzie kwenye pini na ziishie kwenye pini. Ikivutika ikapitiliza kwa 1/16 ya inchi, imechoka. Ikifika 1/8, imeshakula na meno. Yangu ilikuwa bado. Akaipaka mafuta, akabadilisha raba za breki, akapandisha siti hadi kisigino kikagusa pedali ya chini mguu ukiwa umenyooka. Goti lililokuwa linanilalamikia kila jioni likanyamaza, na bili ya kazi yote haikufika hata bei ya hiyo shokapu moja.

“Endesha kwanza, mzee,” akasema. “Kitakachokufa kitajisema chenyewe.”

Kwa hiyo wewe unayeanza, msimamo ni huu. Breki zisizoshika, tairi lililopasuka ubavu, na taa kama unarudi usiku, hivyo usijadiliane navyo, toa hela leo. Siti ikikuumiza hata baada ya kuirekebisha, badilisha. Gia, alumini na shokapu visubiri mpaka uzijue njia zako na ujue unachokikosa kwa miguu yako mwenyewe, siyo kwa mdomo wa jirani. Na ikifika siku marekebisho yanazidi bei ya baiskeli nyingine iliyo nzima, nunua hiyo nyingine. Kwa sasa, hela yako iende kwenye pampu na viraka.