Huyo Mama ni Nani?

Mikorosho inapoanza kupuliziwa salfa kuikinga na ubwiri unga, huku Kilwa watu hupiga chafya kwa kupokezana. Chafya zangu hazina msimu. Daktari alisema salfa inanichokoza tu, mzio wenyewe ni wa vumbi la ndani, akanipa dawa ya kupuliza puani kila siku, hata siku pua imetulia. Hapo ndipo penye kazi. Nani anaikumbuka pua isiyomwasha?

Mpwa wangu akaniwekea programu ya kunikumbusha. "Mjomba, hii hata Ulaya wanaitumia." Ni kweli, maana ilipouliza mti gani unanisumbua, ilinipa mwaloni, mzeituni na mingine ambayo Kilwa Masoko hatujawahi kuikata hata kuni. Mkorosho haukuwamo. Nikachagua mzeituni, angalau umetajwa kwenye Kurani.

Usiku huohuo, tuko kwenye sijda ya isha, mwanamke akapaza sauti kwa Kiingereza kutoka mfukoni mwa kanzu yangu. Tulipotoa salamu, mzee mmoja akanigeukia.

"Huyo mama ni nani?"

"Ni dawa yangu ya pua, mzee."

"Ndiyo ikufuate mpaka msikitini?"

Habari ilimfikia mke wangu kabla yangu, na njiani dawa ilikuwa imeshadondoka, amebaki mwanamke tu. Tangu hapo simu nikawa naiacha nyumbani, kwa mjukuu.

Si kwamba mkoa wetu ni mgeni wa mambo haya. Mwaka 2009 mradi wa SMS for Life ulianza kujaribiwa katika wilaya tatu za Tanzania, Lindi Vijijini ikiwemo. Kila wiki wahudumu wa vituo vya afya waliulizwa kwa ujumbe wamebakiwa na dawa kiasi gani za malaria, na aliyejibu alipata muda wa maongezi wa bure. Aliyebuni hilo anawajua binadamu. Programu yangu, ukibonyeza kwamba umepuliza, hukupa nyota ya kijani na kawimbo. Vocha ningeikimbilia, nyota niipeleke duka gani?

Mjukuu ndiye aliyeithamini. Kliniki, daktari alifungua simu akakuta nyota zimejaa mwezi mzima, akafurahi, akanipongeza. Nikamjibu kwa chafya. Akaomba kichupa, akakitikisa sikioni.

"Mzee, kwani anayeumwa ni simu?"