Sifa za Chogo

Wafalme na wapiga mpira tumewasifu vya kutosha. Leo sifa ziende kwa televisheni ya chogo, mlinzi wa sebule za Katandala, hapa Sumbawanga, asiyedai mshahara wala kusinzia lindoni.

Chogo la inchi 21 lilikuwa na kilo ishirini na ushei. La inchi 29 lilipita arobaini. Msidhani mafundi walikosea. Ndani ya lile bomba la kioo hamna hata hewa, kwa hiyo kioo sharti kiwe kinene kisije kikabonyea, tena kikachanganywa na risasi ili miale ya eksirei isimfikie mtazamaji. Mali yenyewe ilivaa deraya.

Sasa mwonee huruma mwizi. Uzito wote umelalia mbele kwenye kioo, nyuma kumechongoka, na pa kushika hapaonekani. Akilikumbatia kifuani, haoni njia. Akilitwika kichwani, linamvuta shingo. Amwite mwenzake? Hapo wizi umeshageuka kampuni: kuna kugawana, kuna kutoaminiana, na mmoja lazima ataropoka kilabuni. Na hayo yote usiku wa Julai, kwa baridi ya Ufipa, vidole vimekufa ganzi na mbwa wa mtaa mzima wameamka.

(Haki isemwe: siku ya kuhama, mwenye mali naye alionja alichokionja mwizi, na vijana wa kubeba walikunywa soda zake.)

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Chogo lilipofika Sumbawanga lilipokelewa kama mkwe: likawekwa juu ya kabati, likavishwa kitambaa cha kufuma, na paka akajipatia joto mgongoni mwake. Hata serikali ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012, chogo halikung'oka. Lilinunuliwa king'amuzi, likaendelea na kazi. Mwizi, ambaye naye ana akili, akaanza kuondoka na king'amuzi.

Siku hizi tumejaza televisheni za flati. Ya inchi 32 ina kilo kama tano tu. Ifunge kwenye blanketi, iweke kwapani, pita nayo barabarani alfajiri. Katika mji huu wa baridi, nani atamshangaa mtu mwenye blanketi? Atasalimiwa vizuri, tena dereva wa bajaji atamsaidia kuipakia.