Toroli Lenye Adabu
Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Barrett Electronics ya Marekani ilipounda kigari kinachofuata waya uliofukiwa sakafuni, maghala ya wenzetu yanaringia toroli lisilo na dereva. Likikuta mtu mbele, linasimama kwa adabu, linasubiri. Hebu lileteni Tegeta Kibaoni, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, tuone litakavyosubiri hadi betri iishe chaji. Sisi tuna guta la simenti ya Wazo. Halina kihisio, lina mdomo: “Pisha, mguu wako huo!” Na bodaboda, asiyemwogopa hata trafiki, anajibanza. Waya nao tungeufukia, tena kwa hotuba na utepe. Kesho yake wanunuzi wa skrepa wangekuwa wameshaupima kwa kilo.