Namna ya Kukwepa Kazi Kubwa ya Mwaka wa Mwisho na Bado Ukamwagiwa Poda

Sogea, mdogo wangu, maana haya hayabandikwi kwenye ubao wa matangazo wa chuo.

Uko mwaka wa mwisho wa usanifu. Pengine unasomea Kolwezi, pengine umetoka Kolwezi ukaenda Lubumbashi, kilomita kama 300 kwa barabara. Unataka mambo matatu: juri ikusifu, familia ikumwagie poda kichwani kukupongeza siku ya utetezi wa kazi yako, na wewe mwenyewe usimalize mwaka ukiwa mgonjwa. Yote matatu yanapatikana. Njia za mkato zipo. Zifuate kwa mpangilio.

1. Punguza mradi mpaka uone haya

Najua kichwa ulichokwisha kuandika: "Kolwezi 2050, mji wa kisasa". Kuna minara ya vioo, kuna treni ya umeme, kuna ziwa la buluu pale penye shimo la mgodi. Kila mwaka yupo anayeleta mji huo. Unapendeza kwa sababu hakuna mtu anayeishi ndani yake. Uache.

Mji wa Kolwezi ulishachorwa. Kampuni ya madini ya Union Minière iliuanzisha mwaka 1937, ikapanga barabara, ikatenga makazi ya Wazungu na kambi za wafanyakazi Waafrika. Tangu hapo ramani na madini havijapatana. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Wakachimba uani, wengine wakachimba ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Kampuni yenye fedha, mainjinia na reli haikuweza kuifanya ramani ya Kolwezi itulie. Wewe na kompyuta ya kuazima hamtaituliza kwa miezi 4.

Kwa hiyo kata. Toka mjini, ingia sokoni. Toka sokoni, simama kwenye meza moja. Toka kwenye meza, chagua kitu kimoja kilicho juu yake au chini yake. Ukifika mahali unapoona aibu kumwambia mjomba unatengeneza nini, umefika.

"Ninatengeneza mbabula." Basi. Jiko la bati la kupikia kwa makala, yaani mkaa. Maneno mawili, na juri nzima imekuelewa kabla hujafungua faili.

2. Mpe aibu yako sababu kubwa

Sasa unaogopa kwamba watakudharau. Usiogope. Kitu kidogo kinaruhusiwa kubeba jambo kubwa, mradi jambo lenyewe ni la kweli. La kwako hili hapa.

Waya wa umeme wa Inga–Kolwezi una urefu wa kilomita kama 1,700. Ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta nguvu ya Mto Kongo kwenye migodi ya Katanga, na ukapita juu ya vijiji visivyopata hata taa moja. Karibu na Kolwezi kwenyewe kuna mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya Mto Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, sehemu kubwa yake katika mkoa huu wa Lualaba, ikaenda kutengeneza betri za magari ya watu wa mbali. Na jioni, delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipita mtaani, mama anawasha makala.

Andika aya hiyo mara moja tu, ukurasa wa kwanza. Usiirudie. Mwenye sababu nzuri akiirudia, wasikilizaji huanza kuikagua.

3. Iba, lakini iba akili

Mwanafunzi mvivu wa Katanga huiba msalaba wa shaba. Anauweka kwenye nembo, kwenye kiti, kwenye lango, kwenye jalada la memwari, yaani tasnifu. Juri imeuona mara nyingi kuliko inavyoweza kuhesabu.

Wewe iba kilichomo ndani yake. Mafundi wa zamani walimimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu, wakapata kitu kinachoshikika mkononi, kinachohesabika, kinachosafiri. Ilikuwa fedha, na ilikuwa usanifu wa watu walioufikiria mkono kabla ya jicho. Iba swali lao: kitu hiki kitashikwaje, kitabebwaje, kitahesabiwaje?

Kisha nenda ukaibe kwa walio hai. Mtafute fundi anayekata mbabula kwa patasi na nyundo. Kaa siku nzima. Usichore. Tazama anapinda bati wapi, anatoboa matundu mangapi, anatupa nini. Kila kosa unalopanga kulifanya kwa wiki 3, yeye alishalifanya akalipa. Mwombe akufundishe, mlipe muda wake, na uandike mchango wake kwenye memwari yako. Hapo wizi wako umekuwa halali, na umepata mwalimu wa pili ambaye hana mikutano.

Jambo moja usilifanyie mkato: bati. Mabati yenye zinki hutoa moshi mbaya yakipata moto mkali. Mapipa yaliyobeba kemikali za viwandani usiyaguse hata ukipewa bure. Uliza kila bati limetoka wapi.

4. Tengeneza maketi ya karatasi, na utunze takataka

Wenzako watangoja umeme urudi ili kompyuta iwatolee picha inayong'aa. Wewe kata katoni mchana kweupe, utengeneze maketi, yaani mfano mdogo wa kitu chako.

Ukihitaji mtu wa kukupa moyo, mkumbuke Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa. Alijenga miji mizima kwa karatasi, katoni na vifungashio. Alipopeleka kazi zake za mwanzo kwenye makumbusho ya taifa, watu hawakuamini. Walishuku kwamba ameziiba mahali. Akalazimika kutengeneza nyingine mbele yao. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, na mwaka 2018, miaka 3 baada ya kifo chake, jumba la makumbusho la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa.

Au wakumbuke wachoraji wa karakana aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés mjini Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, mwaka 1946. Mmoja wao, Bela, alipaka rangi kwa ncha za vidole. Leo hakuna anayeuliza kwa nini hakuwa na brashi.

Funzo lako ni hili: vifaa vichache si udhuru, na ushahidi ni mali. Tunza kila kipande kilichoharibika. Andika tarehe nyuma yake. Kazi ikiwa nzuri mno, watashuku. Mfuko wako wa takataka utajibu kwa niaba yako.

5. Mpe direkta nafasi ya kuwa na akili

Direkta wako, yaani msimamizi wa memwari, ana madarasa, ana vikao, na ana wanafunzi wengine kibao. Ukimpelekea kurasa 60 na kumwambia, "Prof, naomba maoni," umempa kazi. Ataziweka mezani, na meza itazimeza.

Nenda na vitu vitatu mkononi. "Prof, miguu ya mbabula iko hivi, hivi au hivi. Mimi nimekwama hapa. Wewe ungechukua ipi?" Lakini uwe umekwama kweli, maana mzee huyu amesikia kila uongo wa wanafunzi. Atavigeuza, atasimama, atakueleza kuhusu jiko la mama yake. Atachagua. Kuanzia dakika hiyo miguu ni ya kwake, na siku ya utetezi ataitetea kwa sauti kuliko yako.

Mtu hapendi kusahihisha. Anapenda kuamua. Mpe uamuzi mdogo kila wiki, dakika 10 tu, umesimama mlangoni.

6. Feli mapema, mbele ya mwenye jiko

Huu ndio mkato mkubwa kuliko yote, na ndio unaokimbiwa zaidi. Mbabula ya kwanza, hata ikiwa bado si kamili, ipeleke kwa mama anayekaanga vitumbula barabarani. Mwachie siku 3.

Usimwulize kama anaipenda. Atakujibu, "Iko muzuri, mwanangu," kwa sababu amelelewa vizuri. Kaa pembeni utazame. Je, ameisogeza kwa mguu? Ameweka jiwe chini ya mguu mmoja? Amefunika matundu kwa bati jingine? Amerudi kwenye mbabula yake ya zamani saa ya wateja wengi? Kila alichofanya ni sahihisho ambalo hukulipia ada.

Mguu ukikunjika mbele ya wateja, cheka nao, omba radhi, mlipe mama vitumbula vilivyomwagika, na uchukue kile kilichokunjika ukakitunze kama cheti. Kufeli mwezi wa pili kunaitwa utafiti. Kufeli siku ya utetezi kunaitwa kufeli.

7. Pima vichache, pima sawasawa

Memwari ina sura ya kwanza ambayo kila mtu huinakili kwa mwenzake: maana ya usanifu, historia ya moto tangu binadamu wa kwanza. Iruke. Anza na picha na maelezo yake, kisha jaza katikati.

Katika picha, weka mtu. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliwarudisha wafanyakazi wa zamani katika magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines kwa kuunganisha picha za kumbukumbu na picha zake mwenyewe, katika mfululizo wa "Mémoire" wa mwaka 2006. Ukitazama kazi hiyo huwezi tena kuona kiwanda bila watu. Mbabula isiyo na mkono wa mtu ni bati tu.

Kisha pima jambo moja. Chukua mbabula ya zamani na ya kwako, sufuria ileile, maji yaleyale, makala ya gunia moja. Pima uzito wa makala kabla na baada. Andika dakika mpaka maji yachemke. Rudia mara 3. Usingoje kipimajoto kifike 100: Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95. Liandike hilo kwenye ripoti. Mjumbe mmoja wa juri atainua kichwa, na hatakishusha tena.

Na kama jiko lako limekula makala mengi kuliko la zamani? Andika hivyohivyo. Eleza kwa nini. Namba mbaya yenye maelezo mazuri inapata alama. Namba nzuri isiyo na mfuko wa takataka nyuma yake inapata maswali.

8. Siku ya utetezi, jaza meza

Vaa vizuri. Familia imekuja na kamera na poda, na mjomba ameshaambiwa.

Weka mezani mbabula ya fundi, ya kwako ya kwanza yenye mguu uliokunjika, na ya mwisho. Wape wajumbe waishike kabla hujasema lolote. Mtu aliyeshika kitu huuliza swali kuhusu kitu hicho, na hayo ndiyo maswali uliyojiandaa kuyajibu.

Wakipata kasoro, usijitetee kama mshtakiwa. Sema: "Ndiyo, hapo bado. Nimejaribu hivi na hivi, ikakataa." Kisha nyamaza. Wakikuuliza umesaidiwa na nani, wataje wote: fundi, mama wa vitumbula, Prof. Anayetaja watu wake huonekana mkubwa, na hilo ni bure kabisa.

9. Acha vipimo mtaani

Baada ya poda, keki na picha, utatamani kuiweka mbabula sebuleni na kuipiga rangi ya dhahabu. Usifanye hivyo. Chora umbo la kila kipande kwenye katoni ngumu, kwa ukubwa wake kamili, umpelekee fundi. Mwachie, bila mkataba wala hotuba.

Pita pale baada ya miezi michache. Ukikuta ametengeneza nyingine bila kukupigia simu, umefaulu, hata kama juri ilikupa alama za huruma. Ukikuta katoni zimeloa mvua kwenye kona, nenda umwulize kilichomkwaza, uchukue mkasi, uanze upya.

Lualaba imejaa michoro ya mambo makubwa yaliyoamuliwa mbali na jiko. Haijajaa vijana wanaojua makala huishaje saa 12 jioni. Wewe chagua kuwa mmoja wao. Kazi ni ndogo, watu wake wako hapo nje, na hakuna anayekuzuia kuianza kesho asubuhi.